Olraiti ya Meneja na Maji ya Mzee Mbise

Siku ya kwanza kazini nilifika na Kijerumani changu chote cha shule ya misheni, nimekikariri njia nzima kutoka nyumbani, na Bwana Meneja akaniambia neno moja ambalo halikuwa la Kijerumani. "Olraiti," alisema, akageuka akaenda zake. Nikabaki katikati ya uwanja wa kuanikia kahawa, sijui kama nimeajiriwa au nimefukuzwa.

Nyapara, yaani msimamizi wa vibarua, alikuwa Mwarusha wa upande wa Elerai, mrefu, mwenye dharau za kutosha watu watatu. Akaniuliza, "We mtoto wa misheni, umeota mizizi?"

"Nasubiri kujua kama nimepata kazi, mzee."

"Kiko chake cha tumbaku kilikuwa wapi?"

"Mkononi mwake."

"Basi umepata. Ingekuwa mdomoni, ungekuwa njiani unarudi kwa mama."

Hilo ndilo lilikuwa somo langu la kwanza, na kusema kweli yaliyofuata yote yalikuwa marudio.

Shamba lilikuwa chini kidogo ya Nkoaranga, mali ya Mjerumani aliyeishi Tanga na kuja kwetu kwa nadra. Msimamizi wake, huyu Bwana Meneja, alikuwa Kaburu aliyekuja na magari ya ng'ombe kutoka kusini, ambako alikaa na Waingereza hadi maneno yao yakamganda. Kijerumani chake kilikuwa kibovu kuliko changu, jambo ambalo hatukulitaja kamwe. Mimi nilikuwa mkalimani. Kazi ya mkalimani siku zile ilikuwa kusimama hatua moja nyuma ya bwana, upande wa kushoto, kusema anachosema yeye kwa Kiswahili au Kimeru, na kumrudishia jibu kwa Kijerumani. Hukohoi, hucheki, hutoi maoni. Kwangu lililokuwa gumu hasa ni kusimama mbali na nyumbani. Mimi ni mtu wa mekoni. Wenzangu walitamani safari za mjini na gari la ng'ombe. Mimi nilihesabu kona zilizobaki kufika kwa mke wangu na ndizi zake.

Hilo neno olraiti nililichunguza kwa miezi. Alilisema kuwaondosha ng'ombe. Alilisema mpishi alipoangusha sufuria. Alilisema barua ya mwenye shamba ilipofika, na siku ile dume lake bora lilipovunjika mguu alilisema taratibu sana, kisha akaingia ndani hatukumwona hadi kesho yake. Vibarua hawakuhitaji mkalimani kwa neno hili. Walitazama kiko. Akikitoa mdomoni na kukutazama usoni, amekubali. Kikibaki kati ya meno, maana yake nimesikia kelele zako, sasa ondoka. Baada ya muda wachumaji wa kike walilichukua. Kikapu kikijaa, olraiti. Mwanamume akimtongoza mmoja wao, huyo anabana midomo kana kwamba ana kiko na kumwambia olraiti, na wenzake wote wanaangua kicheko. Shamba zima lilijua maana. Nasisitiza hili kwa sababu kosa langu halikuwa la kutojua.

Ilikuwa hivi. Juu ya shamba ulipita mfereji wa maji uliochimbwa na babu zao akina Mzee Mbise. Mzee Mbise ndiye aliyekuwa mkuu wa mfereji, mwenye kupanga nani afungue maji siku gani. Bwana Meneja alipojenga mahodhi ya kuoshea kahawa aliyachukua maji yote, na migomba ya kule chini ikaanza kukunja majani. Ng'ombe walikuwa wakipelekwa mbali kunyweshwa. Mzee Mbise akaja kwa bwana na watu sita, wote wazee wa umri wake, wakasimama kimya nyuma yake.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie tunaomba siku tatu kila juma. Hatuombi mfereji, ni wetu. Tunaomba siku."

Nikasema kwa Kijerumani. Nilipunguza ile ya "ni wetu". Ilikuwa jioni, mawingu yameshuka mlimani, na mke wangu alikuwa ameniambia asubuhi kwamba anapika ng'ande, mahindi na maharage, na kwamba nikichelewa nitakuta sufuria limeoshwa. Bwana Meneja alitazama mawingu, kiko mdomoni.

"Olraiti," akasema.

Kutafsiri vizuri kungekuwa kusema: hajakubali, rudini kesho. Wangebisha. Ningesimama pale hadi mvua inikute. Nikasema, "Amekubali."

Mzee Mbise alimtazama Bwana Meneja, kisha mimi. "Umesema amekubali?"

"Amekubali, mzee."

"Mmesikia?" akawauliza wale sita. Wakaitikia. Nikawahi ng'ande yangu, ikiwa bado ya moto.

Siku ya pili yake mlima mzima ulikunywa pombe ya ndizi mahali maji yanapotengwa. Kwetu mfereji ukishanywewa pombe hivyo, zamu hizo zimekwisha kupangwa. Kuzifuta kunahitaji watu walewale wakutane tena na kukubaliana. Wakafungua maji. Asubuhi iliyofuata Bwana Meneja akakuta mahodhi makavu na kahawa iliyomenywa imeanza kunuka.

Tukaitwa wote uwanjani. Kiboko kilikuwa mkononi mwa nyapara, na nyapara alikuwa anakitazama kiboko, hanitazami mimi.

"Muulize nani aliwapa ruhusa," Bwana Meneja akasema.

Nikamuuliza Mzee Mbise. Akajibu bila haraka, "Yeye. Kwa mdomo wako."

Ninyi mnaosoma hamjapata kuambiwa kutafsiri mashtaka yenu wenyewe, kwa hiyo vumilieni nieleze. Pale hapakuwa na mtu mwingine aliyejua lugha zote. Ningeweza kusema, mzee anakiri ameiba maji. Angelazwa chini yeye, mtu wa umri wa baba yangu, maji yangerudi kwenye mahodhi, na mimi ningerudi kula. Sentensi ile ilikuwa tayari kabisa, kwa Kijerumani kizuri kuliko chote nilichopata kutunga. Mzee Mbise alinisubiri kama mtu anayesubiri mlango ufunguliwe.

"Anasema ni wewe, bwana," nikasema. "Anasema niliwaambia umekubali. Na ni kweli niliwaambia."

"Kwa nini?"

"Nilitaka kwenda kula."

Nyuma yetu wachumaji walikuwa wamegeuza vikapu vyao na kuvikalia. Hakuna aliyewaamuru. Kahawa ilikuwa imeiva nyekundu mstari baada ya mstari, na nusu ya waliokaa walikuwa mabinti na wake za watu wa mfereji ule. Bwana Meneja aliwatazama hao, kisha kahawa, kisha mimi. Hakuwa mjinga. Akawaachia watu wa mfereji siku zao tatu.

Kuhusu kiboko sina mengi ya kuandika. Kwa siku kadhaa nilikula nimesimama, na mke wangu akasema, "Angalau sasa hukimbilii kukaa mezani."

Nilipoweza kutembea nilimwendea Mzee Mbise kumwomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema. "Unadhani siku ile nilikuwa nakusikiliza wewe? Nilikuwa namtazama yeye. Kiko nilikiona."

"Sasa mbona ulifungua maji?"

"Kwa sababu ulisema. Mtu akimtuma mwingine aseme mbele ya watu sita, amesema yeye aliyemtuma. Nilikwenda pale na watu sita kwa kuwa nilijua siku moja utachoka kutafsiri sawasawa."

Akaendelea, "Lakini uongo ni uongo. Wazee wamekaa kikao. Siku ya kusafisha mfereji utaingia wa kwanza, kule juu maji yanakotoka, kila mwaka, hadi ufe."

Bwana Meneja naye aliniondoa kwenye ukalimani akanipeleka kitaluni, mahali pa kuoteshea miche, chini ya Bwana Miche, Mjerumani mzee aliyeongea na mimea tu. Kitalu kilikuwa karibu na kwangu kiasi cha kunusa chungu kikichemka. Hiyo ndiyo adhabu aliyonipa. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokwisha, Waingereza wakaja na olraiti zao nyingi, wakatafuta wakalimani, nikawaambia sijui lugha. Nikabaki na miche hadi nilipostaafu.

Watu huniuliza ile kazi ya kwanza ilinifundisha nini. Sijui sana. Mzee Mbise amekwisha kufa, na wale sita pia, na wajukuu wao hawajui kwa nini mimi ndiye ninayetangulia mferejini. Wanadhani ni heshima, wananibebea jembe. Sijawasahihisha. Mwaka huu nilipanda kule juu kwa kupumzika kila mahali palipo na jiwe. Nikaingia kwenye matope hadi magotini, baridi ikanifika kwenye meno, nikatoa majani yaliyooza kwa mikono. Maji yakasita, kisha yakapita kuelekea kwenye migomba ya watu.