Betri za Miaka ya Ruksa

Watu wakisifu miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka yakajaa tena, mimi hununa. Si kwamba nimesahau tulikotoka. Foleni za sabuni nazikumbuka, na mama kurudi mikono mitupu baada ya kusimama tangu alfajiri. Lakini miaka ile mimi naikumbuka kwa betri za redio, na roho inaniuma mpaka leo.

Baba hakuwa mtu wa muziki. Redio aliitaka kwa matangazo ya vifo. Dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea walipobaki yatima, alikuwa mgonjwa Namtumbo alikoolewa. Sisi tulikuwa tunakwenda kulala shambani, Maposeni, kuvuna mahindi. Simu hakuna. Shangazi akifariki, redio ndiyo ingemwita baba.

Basi kabla ya kutoka Songea akanunua betri mpya za kigeni, zinang'aa, nusu ya bei ya zile tulizozizoea.

"Soko huria hili, mama watoto. Siku hizi mnunuzi ndiye bosi."

Mama akazipima mkononi. "Mbona nyepesi hivi? Na huyo bosi akiuziwa takataka, anamlilia nani?"

Baba akacheka. Lakini kweli, angemlilia nani? Zamani serikali ilipanga bei na duka likawa tupu. Sasa duka limejaa, na hakuna anayekagua kilichomo. Hasira yangu ni hiyo, na sijaona wa kuipelekea.

Tulipofika shambani haukupita muda sauti ikaanza kufifia. Baba akafanya kama tulivyofanya wote: akazianika betri juani. Zile za zamani ukizianika zilipata nguvu kidogo, ukasikiliza tena. Hizi zilivimba. Alipozirudisha zikatoa uji mweusi ndani ya redio. Akafuta, akapuliza, akaigonga, akaitukana. Wapi!

"Acha mahindi, nenda ukamwone dada yako," mama alimwambia.

Baba akalitazama shamba. Mbolea tulikuwa tumeinunua kwa bei ya kuumiza, na mahindi yakibaki yangeibiwa. "Tumalize kwanza," akasema. Tukamaliza.

Tuliporudi mjini jirani yetu akatukimbilia. "Poleni na msiba, jamani. Mmerudi lini kutoka Namtumbo?"

Tangazo alikuwa amelisikia. Kuona mlango wetu umefungwa, akadhani tumeshakwenda mazikoni. Baba aliuachia mzigo pale pale barabarani.

Namtumbo tulikuta waombolezaji wameshatawanyika. Binti wa shangazi alitoka ndani, akasema shikamoo Mjomba, halafu akaangua kilio.

"Tulitangaza, Mjomba. Tukakungoja uje umzike. Mwishowe wazee wakasema mwili hauwezi kungoja zaidi."

Nilidhani baba ataeleza habari za betri. Hakueleza. Alikaa mkekani, kofia mkononi, akauliza tangazo lilisemaje.

Binti akajifuta uso, akalisema lote kwa moyo: nani amefariki, wapi, na habari ziwafikie akina nani. Baba alisikiliza ameinamisha kichwa, kama alivyokuwa akisikiliza redio.

"Na jina langu walilitaja?"

"Walilitaja, Mjomba. Ndilo la kwanza."

"Lirudie," baba akasema.