Karatasi za Nyota Changa Katika Duka la Misumari

Mjomba alinichukua dukani kwake Kariakoo wiki ileile niliyomaliza chuo. "Ni kwa muda tu, mwanangu," alisema. Muda gani, hakusema. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, bidhaa zimefurika mpaka barabarani, na kila mwenye duka alitaka ndugu wa kumwamini nyuma ya kaunta. Basi nikaaminiwa mimi, bahati mbaya yangu. Kutwa nasimama kati ya mabati na mapipa ya misumari, joto na kelele za mikokoteni, roho inanibana. Nililichukia duka lile, sisemi uongo.

Kilichonipa pumzi ni bunda la karatasi za kompyuta, zile ndefu zenye matundu pembeni. Alinipa mwalimu wangu wa fizikia. Zilijaa namba tupu: vipimo vya eksirei za nyota changa, vilivyochukuliwa na setilaiti. Nyota changa haina utulivu. Imenyamaza, mara inalipuka, eksirei zinapanda ghafla, kisha zinashuka polepole. Nikiupata mlipuko mmoja mzima, kupanda na kushuka, mwalimu aliahidi kunitafutia nafasi ya kusoma nje. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Nikaupata! Mchana, nikimhudumia mteja wa bawaba, macho yakaangukia namba zinazopanda mstari kwa mstari. Nikapiga ukelele, mteja akadhani nimeona panya. Nilizungushia namba zile wino mwekundu, nikamwambia Mjomba, "Karatasi hizi tafadhali usiguse," nikaenda kuswali adhuhuri.

Niliporudi, bunda lilikuwa limepungua.

"Mjomba, karatasi yangu ya juu iko wapi?"

"Ile iliyochafuka wino? Nimemfungia fundi misumari. Zilizo safi sijazigusa hata moja, si ulinikataza?"

Yalaa! Alisema kwa fahari, kama mtu aliyenitunzia mali. Nilikwenda mbio hadi Buguruni kwa huyo fundi. Akanitazama weee, akacheka. "Dada, karatasi ya misumari? Tumeshawashia jiko."

Nililia pale karakanani mbele za watu, sikuona haya. Kilichobaki kwenye bunda kilikuwa kushuka tu. Mwalimu alizipitia namba, akavua miwani. "Bila kupanda kwake, hatuwezi kusema ni mlipuko," alisema. Nafasi ile akapewa mwingine.

Mama alipomweleza Mjomba thamani ya karatasi ile, mzee wa watu alishindwa kula. Alinipenda kweli, na hilo ndilo lililonimaliza. Ijumaa akaita ukoo mzima nyumbani kwake, akasimama na machozi yanamlengalenga.

"Nimemkosea mwanangu," alisema. "Kuanzia leo, duka ni lake. Lake maisha yake yote."

Mama akapiga vigelegele, shangazi wakaitikia. Nikapiga goti, nikapokea funguo kwa mikono miwili.

"Ahsante, Mjomba," nikasema.