Muuguzi Aliyefuata Vidonda Majumbani

Juma lililopita nilipigiwa simu kutoka Rubwera: yule muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, aliyekuwa akilima kahawa yake Nyakatuntu, amefariki. Nilikaa chini, jamani, nami si mtu wa kukalishwa na simu. Huyu alikuwa mtu wa aina yake. Ukimwita daktari, kama tulivyowaita wote wenye koti jeupe, alikukatiza hapo hapo: "Muuguzi, mwanangu. Daktari yule kule, anakunywa chai."

Miaka ile ya themanini, wilaya yetu ya Karagwe ikiwa bado haijagawanywa, mgonjwa aliyepasuliwa akitoka wodini aliandikwa "ameruhusiwa" na habari yake ikaishia hapo. Akienda kuozea migombani kwake, shauri yake. Kwa hospitali huyo amepona. Bwana huyu alikataa katakata. Alipanda baiskeli, daftari ndani ya mfuko wa nailoni, akavifuata vidonda majumbani, vilima vyote vile, kisha kila Jumatatu akasoma mbele ya wakubwa wa hospitali: nani kidonda kimetunga usaha, nani nyuzi zimeachia, na kwa nini. Wakubwa walinuna. Walimwambia anaiaibisha hospitali, naye akasema sawa, akaendelea kusoma.

Mimi nilikuwa mwalimu kijana Nyaishozi, nimetoka kupasuliwa ngiri. Siku moja huyo, kaegesha baiskeli uani. Shikamoo, marahaba. "Kidonda je?" Nikamjibu, "Safi kabisa, mzee." Mnatujua sisi wa huku: hata anayekata roho atakujibu salama, adabu kwanza, ugonjwa baadaye. Mama akamkaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, yeye akaomba maji. Alipomaliza kunywa akasema, "Sikuja kusalimia, mwalimu. Nimekuja kuona. Funua." Nikafunua. Mama alipiga ukelele. Kumbe homa niliyokuwa nikiisingizia malaria ilitoka humo humo tumboni! Nikapakiwa kwenye keria ya baiskeli, nikarudi hospitali nikilia kila shimo la barabara.

Walinifungua upya, na sipambi nikisema nilichungulia kaburi. Jumatatu ilipofika akasoma daftari lake kama kawaida, na safari hii kidonda kilikuwa changu na kosa lilikuwa lake. Siku niliyopasuliwa mafuta ya taa ya jiko yalikuwa yakielekea kwisha, naye akaviepua vyombo vya upasuaji kabla havijachemka muda unaotakiwa. Angeandika kwamba mgonjwa hakujitunza, nani angejua? Akajiandika mwenyewe, akakaripiwa vya kutosha, kisha akaja hadi kitandani kwangu. "Mwalimu, kidonda chako nimekiharibu mimi."

Mwe! Nilimtukana matusi ambayo mwalimu hapaswi hata kuyajua. Nilimwita muuaji, wodi nzima ikisikia. Alisimama mpaka nikaishiwa, akanawa mikono, akanibadilishia bandeji. Tangu juma lile haikuruhusiwa kuepua vyombo mpaka watu wawili wawe wameitazama saa, na mafuta yakipungua upasuaji uliahirishwa. Waliokuja baada yangu walipona vizuri, na sidhani kama yupo aliyejua sababu.

Siku hizi kila mtu anadai ukweli. Tunaudai ofisini, shuleni, na humu magazetini ndiyo usiseme, ingawa sisi wenyewe tukikosea masahihisho tunayabana chini ya matangazo ya vifo. Nimeyafikiria haya juma zima, na naona aibu. Tunalalamika kwamba watu wanaficha makosa, wakati tunajua vizuri tunavyompokea anayeyasema. Mtu alikuja kwa miguu yake kunieleza kilichotaka kuniua, nami nikamtukana kama mbwa, na mpaka anazikwa sikuwahi kumwomba radhi. Wenzake, waliokuwa na vidonda walivyoviharibu wao na wakanyamaza, niliwaamkia kwa heshima miaka yote, na kila Krismasi nikawapelekea kuku.