Chai ya Waliolilia Riwaya

Hadi leo nikiiona riwaya ile natamani kuirusha ukutani. Bosi wangu, Mkenya mwenzangu, aliwaalika akina mama wa kanisa letu nyumbani kwake Irving, huku ughaibuni, waijadili. Mimi nilikuwa nimetoka tu kazini, kwenye makao ya kutunza wazee anayoyamiliki, akaniagiza nipike chai. Ningekataaje, naye kila siku husema "sisi ni familia"?

Akasoma pale tajiri wa kiwanda anapowaita wafanyakazi "wanangu" huku akiwanyima mapumziko. Akafuta machozi. "Ubepari ni unyama!"

Hasira zikanipanda. "Dada, mimi huniitaje?"

"Mdogo wangu," akatabasamu.

"Na mara ya mwisho nilipumzika lini?"

Akaninyooshea kikombe kitupu. "Hiyo ni hadithi tu, mdogo wangu. Niongezee, sukari kidogo."