Panya Anabadilisha Mara Moja Tu

Wakati nilikuwa bado mtoto wa kupoteza meno, kule Masereka, nilijua kitu kimoja bila kufundishwa na mwalimu: jino likianguka, ni la panya. Unalikamata, unaipa nyumba mgongo, unalitupa juu ya paa la nyasi la jikoni na kusema, "Panya, chukua lako baya, uniletee langu jipya." Halafu unaenda zako. Ukigeuka kuangalia, pengo linabaki. Mukaka ndiye alituambia hivyo, yaani nyanya yangu, aliyenilea, na mimi nilitupa mawili ya mbele na shingo ngumu kama kuni, sikugeuka hata kidogo.

Lakini hayakurudi. Mvua ikaja, viazi vikatolewa, meno hakuna, wenzangu wananiita mlango wa kanisa. Kila jioni mukaka ananishika kidevu.

"Kavira, uligeuka?"

"Hapana, mukaka."

"Macho yako inasema uligeuka."

Niliumia sana, kwa sababu mukaka alikuwa mtu wangu wa kwanza hapa duniani, na alikuwa ananiona mwongo.

Ndipo waganga wa meno wakafika kutoka Butembo, siku tatu kwenye centre de santé, kituo chetu cha afya, kila mtoto aende na mkubwa wake. Wengine walisema watang'oa watoto meno yote. Mukaka yeye akafunga kitenge cha misa, akasema, "Twende. Huyo docta ataniambia kama uligeuka."

Docta alikuwa dada mdogo tu, Munande kama sisi, na kioo chake kidogo na tochi. Mukaka hakumsalimia vizuri hata.

"Docta, angalia muzuri. Huyu mutoto aligeuka ao hakugeuka?"

Nilifunga macho. Docta hakucheka. Alipapasa ufizi wangu, akakamata kidole cha mukaka, akakiosha, akakiweka pale pale.

"Sikia, mukaka. Iko inakuja. Hakugeuka."

Mpaka leo sijui kama kuna hukumu iliyonifurahisha kuliko ile! Nilitaka kuruka chini niende, lakini kioo kilikuwa kimeshaingia nyuma.

"Lakini hii ya nyuma imeanza shimo," docta akasema.

"Hiyo uache. Itaanguka, panya ataleta ingine."

"Kabla hii itoke, kulikuwa ingine pale? Ilianguka?"

Mukaka akawaza. Kinywa changu alikijua kama shamba lake, tangu jino la kwanza.

"Hapana. Ilitoka yenyewe tu, nyuma ya zingine."

"Basi panya hakubadilisha kitu pale. Hii ndiyo yake ya maisha, haina ingine. Inatokaga na miaka sita, kimya kimya, wazazi banafikiri ni ya utoto, banaiacha inaoza."

Ndipo mukaka, mbele ya wamama wote waliongoja kwenye benchi, yeye ambaye alikuwa anacheka na mkono mbele ya mdomo, akafungua kinywa chake. Mbele matatu. Nyuma, hakuna kitu.

"Zangu za nyuma zote nilitupa juu ya nyumba," akasema. "Mpaka leo ninangoja."

Wamama wakacheka, na yeye akacheka wa kwanza, bila mkono. Kisha akaniweka juu ya magoti. "Ziba ya mutoto, docta."

Docta alikwangua kwa kichuma kidogo, akaziba na dawa nyeupe iliyokandwa kama fufu. Nililia kidogo, zaidi kwa woga. Mikono ya mukaka juu ya kichwa changu ilinuka udongo wa viazi. Njiani akaniambia, "Unasikia, Kavira? Panya anabadilisha mara moja tu. Ya pili ni wewe unailinda." Tangu siku ile, kila jioni alisimama mlangoni mpaka nimalize kupiga mswaki.

Sasa nakaa Vulamba, hapa Butembo, nina binti, Masika, miaka sita na nusu. Wiki iliyopita namsugua meno naona doa la kahawia kwenye jino la nyuma, moyo ukaanguka. Jirani yangu akasema, "Mama Masika, acha, hiyo ni ya utoto, itaanguka." Na mimi ninayejua, mimi niliyezibwa, siku nne nilitaka kumwamini, kwa sababu naogopa, naogopa sindano, naogopa kilio chake, naogopa zaidi docta aniulize mtoto anakula nini. Tulipotoka Beni kwa kukimbia vita nilimpa biskuti njia yote ili anyamaze, na tulipofika sikujua namna ya kuacha.

Ulimi wangu unaenda pale nyuma kila nikiogopa. Jino bado liko. Zamani nilifikiri ni dawa nyeupe iliyoliokoa. Leo naona ni kile kinywa cha mukaka, kilichofunguliwa mbele ya watu ili changu kisibaki kama chake.

Jana jino la mbele la Masika lilianguka. Tulilitupa juu ya mabati, likapiga kelele, ti ti ti, na yeye akageuka. Nilimwona. Akaniangalia na macho makubwa.

"Mama, niligeuka."

"Ni kitu kidogo," nikamwambia. "Kesho tunaenda kwa docta. Wewe utamwambia yako, na mimi nitamwambia ya biskuti."