Kimnara cha Karafuu

Katika miaka minne ya kumhudumia Bi Irene, Mwanamwema hakuwahi kumwona amevaa lulu siku ya kazi. Leo alizivaa. Ndani ya basi la kutoka mtaa wa Kilburn alikaa wima kwenye kiti chake cha magurudumu, mkoba magotini, na kila kituo akauliza lile lile.

"Mema, watakifungua?"

"Kwanza tufike, bibi."

Walikuwa wanakwenda makumbusho ya Wayahudi kutazama kimnara cha fedha, kisichozidi urefu wa kiganja, chenye kimlango ubavuni. Mama yake Bi Irene alikuwa akikitia karafuu. Jumamosi magharibi, Sabato ikitoka, kilipitishwa mezani kila mtu anuse, wiki mpya ianze kwa harufu njema. Wayahudi walipoanza kuwindwa kwao, Bi Irene alitiwa kwenye treni ya kuja Uingereza akiwa na miaka minane, kimnara kimefichwa ndani ya soksi. Mama alibaki, na hakuonekana tena. Uzeeni, bila mtoto wa kumrithisha, Bi Irene alikitoa kwa makumbusho. Sasa ana miaka tisini na nne na kumbukumbu zinamtoka moja moja. Mwezi uliopita alianza kuupoteza uso wa mama yake.

"Nikinusa mle, nitamwona," alisema.

Mwanamwema amekulia Wete, Zanzibar, uani kwenye majamvi ya karafuu zilizoanikwa. Hakuona ugumu kuamini. Alichukua hata konzi ya karafuu alizoletewa na dada yake, akazifunga kwenye leso. Alidhani za zamani zitakuwa zimeisha harufu, angekijaza upya.

Kimnara kilikuwa ndani ya kabati la kioo, na taa ndogo juu yake. Bi Irene alisogezwa mpaka magoti yakagusa kioo. Mwanamwema akamwendea msichana mwenye kadi shingoni, iliyoandikwa Nishma, akamweleza yote. Msichana aliitambua lafudhi yake, akajibu kwa Kiswahili.

"Wewe wa Zanzibar? Mama yangu wa Mombasa."

"Basi nisaidie, mwanangu. Dakika moja tu."

"Ufunguo sina, auntie. Inabidi mwandike barua, wakae kikao. Wiki sita, labda nane." Akashusha sauti, ingawa Kiswahili chake hakuna mwingine pale aliyekielewa. "Na hata wakifungua, ndani hakuna kitu. Zote hizi husafishwa kwanza. Kwa dawa."

Mwanamwema alitazama fedha ilivyong'aa. Hakika ilikuwa safi.

"Amesema nini?" aliuliza Bi Irene.

"Anasema ufunguo haupo, bibi."

"Tutangoja."

Wakangoja. Mwanamwema hakujua wanangoja nini. Mwishowe alichutama, akafungua leso, akamsogezea puani. Bi Irene akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Mwanamwema naye akazuia yake.

"Meno," alisema Bi Irene. "Harufu ya daktari wa meno."

"Vuta tena, bibi. Taratibu."

"Mema, usinifanye mtoto. Si hiyo. Ile imo mle." Akainama, akabandika pua na paji la uso kwenye kioo, mbele ya kimlango, akavuta pumzi. Akavuta tena. Kioo kikaingia ukungu, kimnara hakionekani.

Mwanamwema alifunga leso yake. Nishma alikuwa nyuma yao na kitambaa cha kufutia mkononi, akisubiri waondoke.