Koboko, Baada ya Mfadhili Kuondoka

Niliondoka Bukoba kwa sababu ya ubishi. Chama chetu cha kutetea wajane wanaonyang'anywa mashamba kilikuwa kimeachwa na mfadhili, na wenzangu wengi walitaka tukifunge. "Bila pesa tutabaki kupiga kelele tu," walisema. Mimi katibu wao nilipinga, nikaomba wasubiri kwanza. Nilichokuwa nacho ni mwaliko wa Mama Candiru, mwalimu mstaafu wa Arua tuliyefahamiana naye kwenye semina Kampala. Aliniambia kwamba Koboko, kaskazini mwa Arua, wako wanawake waliopatwa na mambo kama yetu, niende nikawaone.

Basi liliondoka Kampala alfajiri. Karuma tulivuka mto Nile, maji yakitoa povu chini ya daraja na nyani wakingoja maganda ya ndizi kando ya barabara. Pakwach tukauvuka tena, safari hii ukiwa mpana na umetulia kabisa. Arua niliingia jioni.

Mama Candiru anakaa Ediofe, karibu na kanisa kuu. Alinipikia ugali wa muhogo na mtama kwa majani ya kunde yaliyoungwa ufuta. Tulipokuwa tunakula nikamuuliza kama wale wanawake bado ni wengi.

"Hapana," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Pesa nakwisha, watu ya posho nakwenda. Mimi hapana danganya wewe."

Nilijiona nimesafiri mbali kwenda kuhudhuria matanga.

Asubuhi nilishika barabara ya Koboko. Mihogo iliyomenywa ilikuwa imeanikwa pembeni mwa lami, myeupe hadi inaumiza macho. Kutoka mjini Koboko nilipanda bodaboda hadi kijiji cha Lurujo, nikamkuta mwenyekiti wa kikundi, Mama Kiden, mlangoni kwake na jembe begani.

"Karibu, dada. Chai baadaye. Leo iko kazi."

Njiani akanieleza. Mwanachama wao mmoja, Poni, alifiwa na mume, na sasa shemeji yake Lomoro alikuwa analeta mnunuzi wa shamba siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameahidi kufika.

Tulikuta wanawake wamejipanga katikati ya mihogo wakipalilia, wengine na rozari shingoni, wengine na mitandio. Poni alikuwa kati yao. Macho yake yalikuwa barabarani hata jembe likakata muhogo badala ya majani. Nikachukua jembe nikasimama kando yake.

Muda si mrefu pikipiki ikafika. Lomoro akashuka na mwanamume wa makamo aliyevaa shati safi.

"Nani naita nyinyi hapa?" Lomoro alifoka. "Shamba hii iko ya kaka yangu!"

Poni aliinua uso. "Kaka yako alikuwa bwana yangu. Mimi nalima hapa, watoto nakula hapa. Mimi hapana toka."

Mama Kiden akamgeukia mnunuzi kwa adabu. "Mzee, kama wewe nanunua, nanunua na sisi yote ndani."

Yule mzee alitutazama mmoja mmoja, mpaka mimi mgeni niliyeshika jembe upande upande. Akacheka kidogo. "Mimi nataka shamba, hapana kesi." Akawasha pikipiki yake, akaondoka peke yake.

Hapo ndipo mwenyekiti wa kijiji alipotokea, akihema na kujifuta jasho. Alitangaza mbele ya wote kwamba hakuna wa kuuza pale bila Poni kukubali. Lomoro akasema "Basi," akaenda zake kwa miguu. Nikataka kupiga vigelegele. Mama Kiden akanishika mkono.

"Ngoja apite mtama ile. Kesho yeye iko jirani."

Alipopotea, Poni alikaa chini kwenye udongo akalia, kisha akacheka, nasi sote tukacheka naye. Sikumbuki mara ya mwisho nilipocheka kwa raha namna ile.

Kwenye chai nikauliza habari ya pesa. Mama Kiden hakuwabeza wafadhili. Wa kwanza aliwaletea wakili aliyewafundisha sheria. "Hiyo sisi hapana sahau." Mwingine alikuja akitaka picha ya mjane analia. "Siku hiyo Poni nacheka tu. Mfadhili akatafuta mutu ingine." Siku hizi wanalima shamba la pamoja, parokia na msikiti wanawasaidia mbegu, na shirika moja dogo la Arua huwatumia wakili kesi ikiwa nzito. Shirika hilo lilisikia habari zao kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Na Lomoro, atabadilika?" niliuliza.

"Lomoro? Mimi hapana jua. Lakini mwenyekiti ya kijiji nabadilika. Zamani, kesi ya mjane ikikuja, yeye najificha kwa nyumba. Sisi nakwenda kwake tu, kila siku nakwenda."

Safari ya kurudi niliona fupi. Bukoba niliwasimulia wenzangu yote, pamoja na habari ya wale waliojitoa posho ilipokwisha, maana hata kwetu wapo watakaojitoa. Nilikuwa nimeamini kwamba jamii hubadilika siku sheria inapotungwa au mradi unapozinduliwa. Lurujo niliona ikibadilika kwa mwenyekiti mmoja mwoga aliyefika, akiwa amechelewa, kwa kuwa majirani zake hawakuacha kumwendea. Fedha bado tunazitafuta, kwa nauli na kwa wakili.

Ofisi tuliifunga mwisho wa mwezi, kwa kuwa kodi ilitushinda. Siku iliyofuata tulikwenda, wale tuliobaki, kupalilia migomba ya mjane mmoja kule Kanyigo.